Sifuri ya Mama Happy

Ndiyo, ni mimi niliyeingia ukumbini wakati wa mtihani bila kuitwa. Na ndiyo, nilikishika kishikwambi cha watu bila ruhusa. Lakini hapana, sikuwa nimelewa. Aliyekwambia nililewa mwambie mimi nikilewa huwa siingii ukumbini, huwa natolewa.

Leo Alhamisi. Upepo wa ziwani umeamka na ugomvi wake, vumbi la stendi limehamia kwenye chai yangu, na mimi moyo umejaa dharau. Siyo hasira. Hasira inapita. Dharau inakuja na begi, inavuta kiti, inauliza leo tunakula nini.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana toka Bonga mpaka Nangara watu wanaisimulia vibaya.

Nina kibanda hapa sokoni Babati. Nachaji simu, narusha nyimbo, nabandika protekta, na simu ikifa kabisa naizika kwa heshima. Shule niliishia la tano. Sikufukuzwa, tuliachana kwa amani. Mkono wangu wa kushoto kuna meza ya kina mama wa samaki. Wako kumi na wawili, wanapara, wanakaanga, wanauza. Hao ndo walionilea mimi mjini hapa. Wengi hawakusoma, kwa hiyo meseji zao nazisoma mimi. Najua siri za familia kumi na mbili. Ningekuwa na roho mbaya saa hizi ningekuwa diwani.

Sasa mwaka jana wakaja watu wa chuo kikuu. Chuo gani sitaji, kwa sababu ninazozijua mwenyewe.

Kiongozi wao ni Dokta, ila siyo wa sindano, wa kompyuta. Kijana safi, kitambulisho kinaning'inia shingoni kama kengele ya ndama. Alifika mezani akasema, "Habari zenu, akina mama." Pale amekaa Bibi Akonaay, mwanamke mwenye wajukuu wenye ndevu. Hakupewa shikamoo. Bibi akaitikia nzuri, akaendelea kupara perege, ila lile gamba lililoruka likatua kwenye kiatu cha Dokta siamini kama lilikosea njia.

Wakaeleza utafiti wao. Wametengeneza programu ya kufundisha watu wazima kusoma, inakaa ndani ya kishikwambi, na kila mama anapewa chake. Baada ya miezi sita, mtihani. Watakaofaulu wanaingia hatua ya pili, ya kuandika. Watakaoshindwa, vishikwambi vinarudi chuoni. Mimi wakanipa fulana na kofia, nikaitwa Msimamizi wa Teknolojia Ngazi ya Jamii. Kazi yangu kuchaji na kutuma ripoti kila Ijumaa. Ile fulana niliivaa siku nne mfululizo. Mke wangu ndo aliyeivua, na akaipeleka kwenye beseni kwa kijiti.

Kwa wengi pale mezani ilikuwa kama mchezo. Kwa Mama Happy haikuwa.

Mama Happy ndo anayekaanga. Binti yake, huyo Happy mwenyewe, yuko bweni huko Mbulu, na kila Jumapili matroni anawaazima simu watume meseji nyumbani. Jumatatu Mama Happy ananiletea kitochi chake, kisimu cha vitufe, nimsomee. Nikisoma anatazama mdomo wangu, siyo simu. Halafu ananiambia cha kujibu, nami naandika. Siku moja akaniambia mtoto ameshajua kwamba majibu ni ya Fundi, yaani mimi, maana mama yake hajawahi kumwambia "usijali, mambo poa". Akasema anataka mara moja tu kabla Happy hajamaliza shule, ajibu yeye. Hatua ya pili ya wale watu ndo ilikuwa na kuandika. Umeelewa hapo?

Basi, vishikwambi kumi na viwili vikagawiwa. Unajua vilienda wapi?

Kabatini.

Usicheke. Wewe kwenu sahani za wageni ziko wapi? Kitu cha thamani hakiwekwi kwenye magamba ya samaki. Kina mama walivifunga kwenye kanga, wakaviweka chini ya vile vitambaa vya kufuma, wakafunga na ufunguo. Mama mmoja chake alikuwa anakitoa Pasaka tu. Kikabaki kimoja cha kusomea, na hicho kikawa cha Bibi Akonaay, kwa sababu yeye ndo mkubwa. Utafunguaje chako wakati cha mkubwa kiko wazi mbele yako? Ni kama kunawa kabla ya baba mkwe.

Kila siku saa nane, wateja wakipungua, kishikwambi cha Bibi kinalazwa mezani juu ya mfuniko wa deli la samaki, kama chapati. Mikono yao yote ina samaki, na kioo kile kidole chenye mafuta kinakikataa. Kwa hiyo anayegusa ni mimi. Kidole changu ndo kilichosoma shule. Wao wanazunguka meza, sauti ikitoka wanaitikia wote, wanabishana, wanatukanana kidogo, wanacheka, herufi inaingia. Nakwambia darasa lile lilikuwa tamu kuliko yote niliyowahi kukimbia.

Bibi anakaa mbele. Wengine kushoto na kulia. Mama Happy yeye yuko ng'ambo ya meza, kwenye jiko. Jiko halihamishiki, upepo wa ziwani ukilipata upande wa huku moto unalala na mafuta yanaruka. Kwa hiyo miezi sita yule mama alisoma akiwa ng'ambo, huku anageuza sato, moshi machoni.

Na Ijumaa mimi natuma ripoti. "Wanaendelea vizuri." Hilo lilikuwa kweli. Kwamba wanaendelea kwenye kishikwambi kimoja, kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ni cha Msimamizi, hilo sikuandika. Hawakuuliza. Na mimi fulana nilikuwa naipenda.

Hili naliandika hapa kwa sababu nimechoka kutembea nalo.

Wiki tatu kabla ya mtihani nilimkuta Mama Happy nyuma ya kibanda ameshika kitochi chake kichwa chini miguu juu, amekitolea macho. Nikacheka. Nikamwambia mama, hata kujifanya unasoma kuna ufundi wake. Akaendelea kutembeza kidole, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto. Halafu akasema, "Happy anaumwa jino."

Nikakichukua kitochi, nikakigeuza, nikasoma. Happy alikuwa anaumwa jino.

Yaani yule mama alikuwa anasoma. Alijifunza herufi zote kutoka ng'ambo ya meza, zikiwa zimesimama kwa kichwa, na kwake yeye hivo ndo zilivyozaliwa. Mimi na la tano langu nilisimama pale mdomo wazi. Nilitakiwa niwapigie wale wa chuo siku ileile. Sikupiga. Nilisema nitawaambia Ijumaa. Ijumaa nikaandika "wanaendelea vizuri".

Jumanne hii ndo mtihani. Ukumbi wa kata, viti vya plastiki, projekta, soda. Kila mama kaja na kishikwambi chake kutoka kabatini, vingine bado vina nailoni ya dukani na harufu ya dawa ya nondo. Kila mmoja akapewa kiti chake mbali na mwenzake. Wanawake waliosoma miezi sita bega kwa bega, eti wasiongee. Nilikuwa mlangoni na waya wa umeme, nikaona mambo yanaharibika kimyakimya. Wapo waliokuwa wanakigusa kioo kama pasi ya moto.

Mama Happy akafungua chake. Akatazama. Akakigeuza kichwa chini, kama mtu mwenye akili zake. Na kile kishikwambi, kwa kuwa kina akili zaidi ya mwenyewe, kikageuza maandishi yakasimama wima. Akakigeuza tena. Yakasimama tena. Mtu anakimbiza mkia wa ng'ombe, ng'ombe naye anazunguka. Msaidizi wa Dokta akapita, akatazama, akaandika kwenye daftari lake. Nilisoma, kazi yangu kusoma vya watu: "Mshiriki hajui kushika kifaa."

Hajui kushika kifaa. Mwanamke anayeshika kambale aliye hai kwa mkono mmoja.

Hapo ndo nilipoingia. Nilikichukua, nikafunga ule mzunguko wa kioo unaogeuza maandishi, kitu cha sekunde mbili, mtoto yeyote wa kibandani anakijua. Nikamrudishia kichwa chini. Mama Happy akasoma hadithi yote, ya mtoto na mbuzi aliyekula daftari, sauti ya kwanza ndogo, ya mwisho kubwa, kutoka kulia kwenda kushoto, hakuruka hata mkato. Bibi Akonaay akapiga kofi moja pajani kwake.

Dokta akaja mbio. Nikadhani anakuja kushangaa. Aisee, mimi ningemkuta mtu aliyefundishwa kusoma kinyumenyume na moshi wa samaki, ningetupa soda yangu nikamkumbatia. Yeye alikuwa ananitafuta mimi. Akasema nimeingilia utafiti. Akasema muda wa Mama Happy umeisha, mfumo umeshafunga, na majibu yameshaondoka kwenda chuoni. Nikamwambia lakini umemsikia anasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Fundi, hatuna kipengele cha kusoma hivyo."

Sifuri.

Halafu akawasha projekta. Mistari ya rangi, mmoja umepanda kama mlima Kwaraa, kumi na moja imelala chini kama mbwa wa mchana. Akaeleza kwamba washiriki kumi na moja hawakuonyesha mwamko wa kutumia teknolojia. Ila kuna mmoja aliyetumia kila siku bila kukosa, mfano wa kuigwa na Babati yote, naye ni Bibi Akonaay, apigiwe makofi.

Bibi akasimama, akashukuru vizuri, halafu akasema, "Mwanangu, mimi macho yangu yaliisha zamani. Mle ndani naona ukungu tu. Nilikuwa nasikiliza."

Dokta akacheka, akadhani bibi anatania. Akamvalisha kofia.

Watu wamesoma mpaka wamebadilishwa jina, wamekuja na gari la chuo kutafuta wanaojua kusoma, na aliyejua wamempa sifuri, asiyeona wamempa kofia. Mimi nilikuwa nawaogopa wasomi. Kuanzia Jumanne siwaogopi tena, wamenipa likizo.

Mwisho karatasi za kurudisha vishikwambi. Wamekuja na kidau cha wino kabisa, maana wameshaamua hapa hakuna wa kuandika. Ilipofika zamu ya Mama Happy, akasukumiwa wino. Akaisogeza karatasi, akaigeuza kichwa chini, akaisoma yote palepale, polepole, kwa sauti, mpaka ule mstari unaosema mshiriki asiyejua kusoma aweke dole gumba. Akamtazama yule msaidizi.

"Dole gumba nimeliacha sokoni linapara samaki. Naomba kalamu, mwanangu."

Akapewa. Akaandika jina lake hivohivo alivyoliona miezi sita, maana programu ilikuwa inaonyesha orodha ya majina yao wote kila siku. Liko kwenye faili lao sasa hivi, limesimama kwa kichwa. Natumaini kuna siku mtu wa kule atakuta na kudhani karatasi imekosewa kupigwa pini.

Vishikwambi vimeondoka jana asubuhi. Hatua ya pili wanaipeleka kwa watu wenye mwamko. Mama Happy ameongeza chumvi tu kwenye samaki. Jumapili meseji itakuja, na atakayejibu ni mimi, "usijali, mambo poa".

Lakini na mimi nina mkono wangu kwenye ile sifuri. Dokta hakuona kwa sababu hakukaa mezani. Mimi nilikaa, nikaona, nikanyamaza kwa ajili ya fulana. Kwa hiyo dharau ya leo nimeigawa, kubwa yao, ndogo yangu. Fulana imeshakuwa tambara la kufutia vioo, na inafuta vizuri, pamba ya chuo.

Jana mchana nilifanya utafiti wangu. Vifaa: bati moja na misumari sita. Nimelipigilia upande wa ziwani, upepo umekwama, jiko limehamia upande wa huku. Bibi Akonaay akanyanyuka mwenyewe, akavuta ndoo yake kando, akamwambia Mama Happy akae pale mbele, mahali pake. Mkubwa kampisha mdogo, mezani wote wakatazama mpaka sato mmoja akaungua. Nikamlazia gazeti. Mama Happy akalitazama lililonyooka, akaguna, akasema herufi zote leo zimelewa. Leo amezipata tano. Kuandika tutaanza na mkaa kwenye boksi.

Sasa nisikilize wewe uliyesoma mpaka hapa, hasa kama nawe una kitambulisho shingoni. Tufanye dili.

Panda basi, shuka Babati, uliza Fundi wa jirani na samaki. Nitakukalisha ng'ambo ya meza, penye jiko. Nitakulazia ukurasa mmoja kichwa chini miguu juu, uusome kwa sauti huku unageuza sato, moshi machoni, na mteja anauliza bei. Usipokwama hata neno moja, nakubali sifuri ilikuwa halali ya Mama Happy, na simu yako naichaji bure mpaka nizeeke. Ukikwama, nakuomba kitu kimoja tu: kile kishikwambi chenye jina lake, umletee mwenyewe, mkononi, na Bibi Akonaay umpe shikamoo yake kwanza.

Kwenye mzunguko wa kioo usihangaike. Huo nitaufunga mimi.