Mabano Manne, au Matano

Jumatatu, 3 Machi
Miezi kumi na tisa na siku mbili tangu nitoke nyumbani. Mgongo umegoma tena. Msimamizi wa ghala kasema bila kunitazama: mkataba wangu wa kupakia mizigo unaisha Juni, hawauongezi. Labda nifaulu mtihani wa Ijumaa, nihamie meza ya wanaoiandikia mashine ya kupanga vifurushi kanuni za kompyuta. Mimi wa darasa la saba!

Jumanne, 4 Machi
Somo baada ya zamu. Kihariri, programu ya kuandikia kanuni, kina hali mbili — ya kuandika na ya kuamuru. Herufi ileile, kazi mbalimbali. Nilisahau nipo hali gani, nikabonyeza d mara mbili. Mstari mzima ukayeyuka! Mwalimu akabonyeza u, ukarudi. Akasema kihariri hakijui ulichokusudia, kinajua ulichobonyeza. Laiti mgongo nao ungekuwa na u.

Jumatano, 5 Machi
Kanuni hizi ni kama sanduku ndani ya sanduku. Kila moja lina bano la kufungua na la kufunga. Mwalimu kaniwashia hali ya mabano: ukiandika la kufungua, la kufunga linajiandika lenyewe. Raha tupu. Kijiko, mwenzangu wa chumba, ananitania kwamba shemeji akisikia nalipwa kwa kukaa atakuja kukagua hicho kiti. Mama watoto kapiga, kauliza narudi lini. Nikajikohoza.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi kumi na mawili, yote sawa. Sijazoea kupata. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Kompyuta ya mtihani haina hali ya mabano! Nikafungua bano, nikasubiri lijifunge. Wapi. Nikahesabu kama ninavyopakua lori — sanduku lililoingia mwisho litoke kwanza. Mwishoni nikaweka mabano manne ya kufunga. Au yalitakiwa matano? Muda ukaisha. Majibu Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimechora kanuni ile nyuma ya risiti. Mara manne, mara matano. Mama watoto kapiga tena.
“Baba watoto, nitajie mwezi tu. Siku nitaitafuta mwenyewe.”
“Juni,” nikasema.
Nikamsikia akiwaita watoto. Hakuuliza kwa nini Juni, nami sikumwambia. Nikifaulu, wa meza ile hupewa likizo mwezi huo. Nikifeli, mkataba umeisha, nabeba na godoro. Kwa vyovyote — Juni narudi.