Kadi Niliyoirudisha Dukani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Baba. Natumaini karatasi hizi zinakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba yule mdogo amepona kikohozi ulichomtajia Baba kwenye simu. Sisi tunaendelea. Mguu wa kushoto wa Baba bado mzito tangu kile kiharusi, ila ulimi umerudi, tena umerudi na makali yake yote. Juzi alimwambia mtaalamu wa mazoezi kwamba anafundishwa kutembea kama ndama, na ndama angalau hulambwa na mama yake.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu mimi na wewe hujuliana hali, tukataja mvua, tukaagana. Nimejaribu mara nyingi kukwambia haya, na kila mara nimeishia kwenye mvua. Basi nivumilie, soma hadi mwisho kabla hujanihukumu. Ukishafika mwisho, hukumu unavyotaka.

Habari inaanzia kwenye mashine yako. Ile seva uliyoiunda chini ya ngazi, yenye diski sita, mpaka leo ndiyo inayolisha televisheni ya sebuleni. Filamu zako za ngumi hakuna anayezigusa. Baba anatazama video za nyumbani tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana hukaa kwenye kiti chake, na Mama hutokea pale akianika nguo, akimfokea anayempiga picha, akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Baba huongea naye. Mwanzoni nilikuwa natoka nje. Siku hizi nakaa, nakunja nguo.

Jumanne moja ya mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini, kule duka la dawa, nikamkuta amekaa mbele ya kioo cheusi, rimoti mapajani. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia. Alisema taratibu, "Mama yako amezimika tena."

Nilifungua kile kimlango chini ya ngazi. Mashine ilikuwa inanguruma, taa zinawaka, lakini haikuona diski hata moja. Nikakumbuka ulivyonifundisha zamani: watu sita wa nyumba moja hawawezi kupotewa na sauti asubuhi moja, ukiona hivyo, mwangalie anayewasemea. Nikaichomoa kadi ya diski, kile kibao ambamo kebo zote huchomekwa. Ilikuwa inanuka kuungua.

Nyuma ya soko kuna fundi wa kompyuta anayeitwa Miwani, kwa sababu huvaa miwani mbili kwa pamoja, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Aliigeuza kadi yetu, akaimulika kwa tochi, akasema pole kama anayetoa rambirambi. Alinieleza kuwa kadi za aina hii zimetengenezewa mashine za maofisini zenye feni kali, na mtu akiifungia chini ya ngazi bila upepo itaiva tu, ni suala la siku. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonileta kwenye barua hii: kilichoziunganisha hizo diski ni kadi, au ni programu ya mashine yenyewe? Nilimjibu kuwa ni programu. Wewe mwenyewe uliniambia hukutaka mali yako ishikwe na kibao kimoja.

Miwani akaweka kadi mbili mezani. Ya kwanza, alisema, ni mnyapara. Haikubali kazi mpaka iwapange watu wote upya chini ya amri yake. Ukiichomekea diski zenye vitu, itakuuliza kama uko tayari vifutwe, na ukikubali, usije ukamlilia fundi. Ya pili ni bawabu. Inafungua mlango, inampitisha kila mtu kama alivyo, haimuulizi kabila wala cheo. Kwa nyumba yetu, alisema, hakuna cha kufikiria, nichukue bawabu, naye atanifungia kifeni kidogo juu yake.

Kaka, nilichukua mnyapara.

Nilimwambia ndiyo yenye dhamana ndefu. Miwani aliteremsha miwani ya pili, akanitazama kwa zote mbili, akasema mteja ni mimi. Sababu nitakueleza. Niache kwanza nimalize kilichotokea.

Jumamosi asubuhi niliifunga ile kadi. Nilikaza skrubu, nikachomeka kebo moja moja kwa rangi ulizozipaka, nikawasha. Diski tano zilihesabiwa, ya sita haikuonekana, halafu maandishi yakatokea kuwa kila kilichomo kitafutwa, je, niendelee? Nilikuwa nimepiga magoti, kidole kikiwa juu ya kitufe, nikasikia fimbo ya Baba ikija. Alijikongoja, akashusha mwili kwenye ngazi ya pili, akawa karibu yangu kiasi cha kunigusa bega. Hakujua kinachosomeka pale. Alidhani nimekwama.

Akasema, "Usijitese, mwanangu. Ikishindikana, imeshindikana. Hutalaumiwa. Nyumba hii ilishamlaumu mtu mmoja, na bado hatujapona."

Nikazima umeme ukutani. Nilimdanganya kuwa kebo moja ni fupi, nikaenda kulia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Sasa sababu. Tangu Bibi alipoanguka kwenye ngazi zile, ni miaka saba. Wewe ulikuwa chini yake hatua tatu tu, vipokea sauti masikioni, ukihangaika na diski zako. Nakumbuka Mama alivyosema jikoni mbele ya watu wa msiba, kwamba mama yake amekufa kwa sababu ya masanduku yako ya kompyuta. Uliosha sufuria uliyokuwa umeishika, ukaifuta, ukaiweka mahali pake, na wiki haikuisha ukawa umehama.

Mama alipokuwa anakaribia kuondoka, wiki mbili kabla, aliniomba nimwekee simu mbele ya uso wake nimrekodi, kisha nitoke. Nilipomaliza kuihifadhi ile video kwenye mashine aliniambia, "Mpelekee mkubwa wako. Leo." Nikaitikia. Usiku huo niliitazama peke yangu.

Ni dakika kumi na moja. Anasema taa ya ngazi ilikuwa imekufa siku tatu kabla. Anasema Bibi alimwambia kila siku, na kila siku akamjibu kesho. Anasema siku ile alipokuona umesimama pale na nyaya zako mkononi, aliona mtu wa kumtwika, akakutwika, na tangu hapo hajapata njia ya kuutua ule mzigo kichwani mwako. Anakuita kwa lile jina lako la utotoni. Anaomba umsamehe, na ukiweza, uje kabla hajafumba macho.

Sikukupelekea.

Nimetafuta namna nzuri ya kulisema hili, sijaipata. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza ubavu. Mimi niliyeacha chuo, niliyejua ni mto upi unamuumiza shingo. Nilisikiliza dakika kumi na moja nikisubiri jina langu, na jina langu halikutajwa. Nikasema moyoni, nitaituma kesho. Ndiyo, Kaka, nilisema kesho, nikiwa nimetoka tu kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Kuna lililo baya zaidi. Siku zile za mwisho kila nikiingia na dawa aliniuliza, "Amejibu?" Nami nilisema, "Bado, Mama." Aliniuliza hivyo mara tisa. Mara ya mwisho hakuwa na sauti, alinyanyua nyusi tu, nami nikatikisa kichwa. Alikufa akiamini umesikia na umenyamaza. Ukaja kuzika, ukasimama nyuma kabisa kama jirani, ukaondoka jioni ileile, na mimi nikakusindikiza hadi getini huku maneno yake yamebaki ndani ya nyumba.

Kwa hiyo mashine ilipokufa, sikuhuzunika kama Baba. Nilipumua. Na Miwani aliponiwekea kadi mbili mezani, nilielewa vizuri sana ipi ingefuta kila kitu bila mtu wa kuulizwa. Nilikuwa tayari kumpokonya Baba mke wake mara ya pili ili nisionekane.

Jumatatu niliirudisha. Miwani hakuniuliza kitu, alinipa bawabu na kile kifeni, akasema tu kwamba wengi hurudi wakiwa wameshabonyeza. Nilifunga kadi, nikawasha, na kila kitu kikafunguka kama ulivyokiacha. Kabla sijampa Baba rimoti nilikaa kwenye mkeka mbele yake, nikamweleza yote, kisha nikamchezea zile dakika kumi na moja.

Hakunipigia kelele. Ningeona afadhali angepiga. Aliisogeza chai yake pembeni, akasema hata yeye aliiona ile taa. Alipita chini yake siku tatu, na Mama alipokulaumu alitazama sakafu. Nilitaka kumshika mkono akautoa, taratibu, bila chuki. Tangu siku hiyo ananiitikia salamu na kula ninachopika, lakini hajaniita mwanangu. Simlaumu.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Sauti na sura ya Mama zimo. Tazama ukiwa na wifi karibu yako, usitazame peke yako kama nilivyofanya mimi.

Sikuombi msamaha, maana mtu husamehewa alichokikopa, si alichokiiba. Msalimie wifi, na wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao, hata kama utaona vyema usiwaambie busu limetoka kwa nani.

Neno la mwisho si langu, ni la Baba. Kati ya zile diski sita, moja ilikufa pamoja na kadi. Unajua ulivyozipanga: ikifa moja, zilizobaki zinabeba mzigo wake, ikifa ya pili, Mama hayupo tena. Miwani alikuwa tayari kuweka mpya saa hiyohiyo. Nami nikataka nikanunue diski kubwa ninakili humo video zote za Mama. Baba alikataa yote mawili. Nilimweleza hatari yake polepole, kama anavyoelezwa mtoto, akanikatiza kwamba amesikia. Amesema nafasi hiyo ataijaza mwenye mashine, kwa mkono wake, na kwamba yeye atasubiri. Mchana anatazama kama kawaida, ila siku hizi hutega sikio upande wa ngazi, akisikiliza kama diski zinazunguka.

Mimi ni mdogo wako,
Kiroboto