Sikukata Hata Kimoja

Jumatatu, 5 Mei
Nimemeza kidonge baada ya chai na mkate wa mofa. Daktari ataka iwe asubuhi, na tumbo lina kitu. Ni steroidi, ya viungo kuvimba. Kabla yake hata kanzu nilikuwa navishwa. Sasa naugeuza wali wa sufuria kubwa peke yangu. Harusi za Kibokoni nimezipikia mimi, na hakuna aliyewahi kusema wali wangu mbichi. Lakini uso umefura. Njaa haishi. Usingizi sipati. Nimechoka.

Alhamisi, 8 Mei
Barazani mwenzangu Athmani kaniambia, "Mpishi, umeumuka kama kitumbua. Bado kuepuliwa tu." Wakacheka wote. Nami nikacheka. Hasira ninazo mpaka sasa.

Ijumaa, 9 Mei
Nimeacha vidonge. Mabega hayaumi, dawa ya nini tena? Daktari, kijana wa bara, alinikanya jambo moja: "Mzee, usikate dawa." Sawa. Vimo koponi, vizima, hata kimoja hakijatiwa kisu. Kiswahili nimezaliwa nacho.

Jumapili, 11 Mei
Mwanaisha, binti yangu ninayekaa naye, aona kopo halipungui. Kaniuliza, kwa neno lile lile la daktari, kama nimekata dawa. Nikamwambia sijakata. Moyo wake ukatulia. Si uongo.

Jumanne, 13 Mei
Mwili mzito. Ngazi za nyumba yangu mwenyewe zanishinda. Chakula sikitaki. Labda ni joto.

Alhamisi, 15 Mei
Nimetapika. Nikisimama, nyumba yazunguka. Mabega yameanza tena. Jumamosi nina harusi ya kupika na neno nimeshalitoa. Sisemi kitu kwa mtu.

Jumapili, 18 Mei
Niko hospitali. Mwandiko mbaya, mkono una mpira wa maji. Juzi nilianguka jikoni. Mwanaisha na majirani walinishusha kwa kiti, kama sanduku. Aibu.

Daktari ni yule yule. Kauliza kama nilikata dawa. Nikamwambia sikukata hata kimoja, watu waende wakatazame kopo kama wataona nusu. Mwanaisha akajifunika uso kwa mtandio. Daktari hakucheka. Akavuta kiti.

"Mzee wangu, nilikuwa na maana usiache. Kosa la neno ni langu. Lakini ungekufa."

Kanieleza. Mwili wenyewe hutengeneza kitu kama dawa hii. Ukimeza muda mrefu, mwili hulala, hautengenezi tena. Ukiacha ghafla, haujaamka, na presha yaanguka. Kupunguza ni kwa amri yake, kidogo kidogo. Nikitapika au nikishikwa na homa nisikae nyumbani, nije. Na daktari yeyote nitakayemwendea nimwambie natumia hizi.

Kwa Kiswahili nimemshinda. Lakini nimeogopa. Sana.

Jumatano, 21 Mei
Nimerudi nyumbani. Harusi alipika mtu mwingine. Wasema wali ulikuwa mzuri. Nimelala kutwa.

Ijumaa, 23 Mei
Kidonge nimemeza. Baada ya swala nimejikokota hadi barazani. Athmani kaniuliza hali. Mimi jibu langu ni moja tangu ujana, kwamba sijambo, na wao je, wataniweza? Leo halikutoka.

"Naumwa, Athmani."

Hakunitania. Akajisogeza, akaniachia pahali pake pa ukutani niegemee. Upepo ulikuwa mzuri.