Viatu vya Gaston Havina Kosa

Berea, Johannesburg,
Tarehe 23 Aprili 2017.

Mpendwa yaya Angélique, dada yangu mkubwa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Mguu wako bado unakusumbua wakati wa mvua? Watoto, Glody na Mamie, hawajambo? Mimi ni mzima, na safari hii silisemi neno hilo kwa mazoea. Ugali naumaliza, na ngazi za ghorofa ya sita nazipanda bila kuketi njiani.

Asante kwa kufunga siku tatu kwa ajili yangu. Nimeambiwa hata chai hukuionja. Mungu alikusikia, ila alinijibu kwa njia ambayo mimi na wewe hatukuitazamia.

Unajua kazi yangu ni kukata majani. Mwezi wa tatu tulipelekwa nje ya mji, kwenye shamba la farasi, majani yanafika kiunoni. Viatu vyangu vilikuwa vimepasuka, Gaston wetu wa Uvira akanipa vyake vya zamani. Mchana, kwa uchovu, tulikuwa tunalala palepale majanini.

Baada ya wiki moja hivi kichwa kikauma kama kinapasuliwa kwa shoka. Homa, baridi, tezi za kinena zimevimba. Mimi mtu wa Uvira, homa naijua kwa jina moja tu. Nikanunua dawa ya malaria kwa ndugu mmoja anayeuza Jules Street, nikanywa mpaka ikaisha. Homa haikusikia.

Kisha nikaona kidonda juu ya kifundo cha mguu, pale kiatu kinapoishia. Katikati cheusi, kama mtu amenizimia sigara, pembeni chekundu. Hakiumi. Wenzangu wa chumbani wakatazamana. Wakasema kidonda kisichouma si cha Mungu, na viatu vilitoka kwa nani? Yaya, niliamini. Ndipo nikakupigia simu.

Gaston alipopata habari alikuja, akasimama mlangoni. "Octave, kama ningetaka kukuua ningekupikia tu. Unajua ninavyopika." Akanibeba mgongoni ngazi zote mpaka chini, anapumua kama ng'ombe, analalamika: "Na wachawi wenzangu hakuna hata mmoja wa kunipokea?"

Kliniki, nesi mmoja mama wa Kizulu alikitazama kidonda, akauliza ninafanya kazi wapi. Gaston alifasiri. Mama yule akacheka kidogo. "Baba, malaria umeipata wapi hapa Joburg? Hii ni homa ya kupe."

Kupe, yaya. Huyuhuyu wa mbuzi. Anakuuma bila wewe kusikia, na pale alipouma panakuwa peusi. Nilipewa vidonge vya asubuhi na jioni, siku saba, nikaonywa nisiache hata nikijisikia vizuri. Siku ya tatu niliomba chakula.

Sasa naingiza suruali ndani ya soksi, na jioni najikagua kinena, kwapa na nyuma ya magoti. Glody akirudi kuchunga, mkague hivyo. Ukimkuta kupe usimchome kwa moto wala kummwagia mafuta ya taa kama tulivyozoea. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute polepole, kisha osha kwa sabuni. Homa ikimshika baadaye, mwambieni daktari habari za kupe.

Jambo la mwisho ndilo zito. Nimesikia kwamba tangu ile simu yangu umeihamisha meza yako sokoni, mbali na ya mama yake Gaston. Miaka kumi na moja mmeuza samaki wa ndagala bega kwa bega. Kosa ni langu, wewe uliniamini tu. Yeye hajui sababu. Kila Jumapili anamuuliza mwanawe kwa simu amekukosea nini, na Gaston anamjibu kwamba labda una kazi nyingi. Hajamwambia kuwa nilimwita mchawi, wala kuwa alinibeba.

Kwa hiyo sikupiga simu, nimeandika, ili uketi na mama huyo umsomee kila kitu, hata aibu yangu. Halafu urudishe meza mahali pake.

Nisalimie baba mdogo Évariste na wote wa kanisani. Mungu akurudishie mara nyingi zile siku tatu ulizoshinda na njaa. Viatu bado navivaa.

Mdogo wako anayekupenda, mwenye kushukuru,
Octave