Wote Wanamtaka Baraka

Shively, Louisville
Agosti 2015

Kaka yangu Yohana,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu na mgongo wako naujua. Ile dawa ya kuchua niliyotuma inakusaidia, au wifi ameshaifanya yake? Kiangazi huko Kigoma kinaendaje? Maji yanatoka hapo kwenu Mwanga, au bado mnayafuata bondeni? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chake. Ukisoma mbele utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Umeniuliza habari za Baraka mara nyingi kwenye simu nami nikawa nakukatisha. Usikasirike. Simu yako unaiweka spika, na nyumba nzima inasikiliza, wageni nao wakiwemo. Nilipotamka tu kwamba kuna watu wanataka Baraka aache chuo akacheze mpira wa kikapu wa kulipwa, kabla ya Jumapili mama mchungaji alikuwa ameshanitumia ujumbe wa pongezi. Ndiyo maana naandika. Barua nimempa kijana wa Kitanzania anayesoma Columbus, anakuja nyumbani kuona wazazi. Bahasha nimeitia gundi, kisha nikapitisha utepe juu yake. Kama utepe ulikuwa umeguswa, niambie.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana hata mimi ilinichukua muda kulielewa. Baraka anachezea chuo kimoja kidogo cha Columbus, si kile kikubwa ambacho mji mzima unavaa kofia zake. Kinamsomesha bure kwa sababu anacheza. Masomo ni ya miaka minne, naye amemaliza miwili. Mchezaji anayejiona amekomaa anaweza kutoa jina mapema ili timu za kulipwa zimchague. Lakini akishachukua wakala, basi. Timu zisipomtaka, hawezi kurudi kukichezea chuo, na ule ufadhili unakwenda na maji. Kwa hiyo ni ama kubaki, ama kwenda bila kurudi.

Msimu ulipokwisha, mwezi wa tatu, nikapigiwa simu nikiwa kazini, namlisha uji bibi mmoja pale kwenye nyumba ya wazee.

“Dada yetu, Mama Baraka! Mi naitwa Shukuru. Niko ku Buffalo, mutu wa Uvira. Tuko bandugu.”

“Undugu wa wapi, Mkongo na Mtanzania?” nikamuuliza.

“Ziwa ni moja, dada,” akasema, akacheka.

Kaka, mtu akianza na undugu kabla ya shida yake, mimi hushika mkoba wangu. Akanieleza kwamba alimwona Baraka kwenye mashindano ya kiangazi huko Buffalo, kwamba anamjua wakala mzuri, kwamba mtoto amekomaa. “Uyu mutoto iko na kipaji. Akibakia kule batamukamua, kisha batamutupa. Donc, aende sasa.” Halafu likamtoka neno moja: Baraka alikuwa amekwenda kulala kwake wikendi kadhaa. Wikendi hizo hizo mwanangu aliniambia anajisomea kwa ajili ya mitihani.

Haikupita wiki, kocha wake akaja nyumbani. Miaka miwili yule bwana hajawahi kukanyaga Shively, leo yuko mlangoni kwangu na maua. Akakaa kwenye lile kochi lililobonyea, akasifu mapazia, akasifu chai. Akasema Baraka asikimbilie pesa, abaki.

“Mwaka mmoja zaidi na mimi, mama, ndio utakaomfanya awe mtu.”

“Kwani sasa ni nini?” nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akaangalia kikombe. Alipotoka nilisogeza pazia nikamtazama. Alisimama kando ya gari lake akipiga simu, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuuza kitu. Maua niliyatia kwenye maji, lakini sikuyaweka mezani.

Hapo ndipo nilipokupigia. Nawe ukaniambia nisimkalie mtoto, aende. Nakumbuka ulivyosema kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kulifikiria kabla sijamuuliza.

Baraka mwenyewe nilipomuuliza anataka nini, alijibu, “Naenda, Mama. Nimeshaamua.” Sababu hakutoa. Nikaomba ruhusa kazini, binti yangu Neema nikamwacha kwa jirani, nikaendesha mpaka Columbus. Nikamkuta kwenye nyumba wanayopanga wanafunzi, viatu vimejaa hadi ngazini. Nikamwambia, “Ingia garini. Twende ukanionyeshe huyo mjomba wako wa Buffalo.” Akatafuta visingizio vitatu vinne. Nilimngoja amalize vyote, kisha nikamfungulia mlango wa gari.

Shukuru anakaa Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya paa mpaka vijiko vinatetemeka. Nilitegemea kuona nyumba ya kitapeli, unajua, gari la kung’aa na mikufu. Nikakuta buti za kazi mlangoni, koti la ghala analofanyia kazi, na mke wake, Mama Furaha, anatwanga sombe, kile kisamvu chao. Hilo halikunituliza. Mtu asiye na kitu naye anaweza kuwa na haraka zake.

Tulipokaa kula nikamuuliza mbele ya wote, “Baraka akienda, wewe unapata nini?”

“Wakala atanipatia kitu,” akasema. “Sitakuficha, dada.”

“Na timu zisipomchagua?”

“Bon, atarudia hapa. Chumba kiko.”

Akainuka akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimeongezewa benchi upande wa miguuni ili mtu mrefu alale bila kukunjika, na benchi lilikuwa limewekewa mto. Nikakitazama kitanda kile, nikashindwa kujua kama natazama wema au mtego.

Mama Furaha, aliyekuwa nyuma yangu na sahani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Baraka njo hapa analalaka. Barafu minamuwekeaka ku goti kila asubuyi.”

Shukuru akakohoa. Baraka akainamia chakula chake.

“Barafu ya nini?” nikauliza.

Ndege ikapita, sote tukaingoja ipite, na ilipokwisha kupita Shukuru akaufunga mlango wa chumba. Mama yule maskini akatutazama mmoja mmoja, kisha akarudi jikoni.

Nilimtoa Baraka nje, nikaendesha mpaka kwenye maegesho ya duka moja kubwa, nikazima gari. Theluji chafu ilikuwa bado imelundikana pembeni. Nikamwambia apandishe suruali. Goti la kulia lilikuwa limevimba, Kaka, limepoteza umbo lake.

“Tangu lini?”

“Desemba.”

“Kocha anajua?”

“Wanajua kwamba linauma. Walinichoma sindano ya kutuliza, mechi mbili za mwisho.”

“Na huyu Shukuru?”

“Anajua.”

“Na mimi?”

Akageuza uso dirishani. “Wewe ungenitoa uwanjani, Mama.”

Kisha akaniambia hesabu yake yote. Akibaki, goti litamfia mikononi mwa kocha na nafasi yake atapewa mwingine. Akienda sasa, timu ikamchagua kabla haijajua, atakuwa ameshaingia ndani.

“Hizo timu hazina madaktari?” nikamuuliza.

Akaishusha suruali taratibu. “Wanao,” akasema. Halafu akalia, yule mtu mzima anayegusa paa la gari kwa kichwa, akalia huku mikono imefunika uso kama alivyokuwa akilia darasa la kwanza.

Nami sikumkumbatia mara moja. Nilikuwa na hasira. Wiki zote zile za abaki, aende, abaki, kumbe walikuwa wanagombania kilichosalia cha goti moja. Kocha alitaka msimu mmoja kabla halijakatika. Shukuru alitaka jina litolewe kabla halijakatika. Na mwanangu, niliyekuwa nakagua watu wote kwa ajili yake, alikuwa amekaa upande wao, ananificha mimi. Baadaye nilimkumbatia. Lakini nakuambia ukweli, haikuwa mara moja.

Tulirudi Columbus moja kwa moja kwa kocha. Ofisi yake imejaa picha za vijana wanaoruka. Alitaka kuniagizia kahawa, nikakataa.

“Goti la mwanangu likikatika akiwa kwako,” nikamuuliza, “atamaliza shule?”

“Sisi hapa ni familia, mama.”

“Sikuuliza hivyo.”

“Ufadhili unaangaliwa upya kila mwaka.”

“Na nani?”

“Na ofisi.”

“Na ofisi inamuuliza nani?”

Akachezea kalamu. Baraka alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama yule mtu aliyekuwa akimwita baba wa pili.

“Mimi,” akasema kocha. “Inaniuliza mimi.”

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema, na mengine ya Kiswahili kabisa. Lakini Baraka alinitangulia. “Kocha, jina langu sitoi,” akasema. “Na mwaka huu sichezi. Nataka goti langu litengenezwe.”

“Fikiria vizuri, kijana.”

“Nimefikiria tangu Desemba.”

Kaka, ile ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti ya baba yake, marehemu shemeji yako, ikitoka kinywani mwake.

Daktari wa timu sikumtaka. Nilimpeleka kwa mwingine hapa Louisville, wakampiga picha, ikaonekana gegedu la goti limechanika, na kwamba lingechezewa msimu mwingine pengine lisingetengenezeka. Akafanyiwa upasuaji mwezi wa sita. Sasa anatembea kwa gongo moja ndani ya nyumba, anagombana na dada yake juu ya televisheni. Chuo kimesema ufadhili upo kwa mwaka huu. Mwaka ujao hawakusema, nami sikuwalazimisha waniongopee. Mwanzoni kocha alipiga simu kila siku, kisha kila Jumatatu, kisha akawa anapiga msaidizi wake, kisha kimya. Mwenzake Baraka amemwambia kwamba jezi yake, namba ile ile, amepewa kijana mgeni.

Aliyekuja ni Shukuru.

Alikuja mwezi wa saba kwa basi, kutoka Buffalo kote huko, na sombe ya mke wake imegandishwa kwenye ndoo. Siku mbili alimsimamia Baraka mazoezi ya mguu uani, asubuhi na alasiri. Mimi nilikuwa jikoni na dirisha nimelifungua, nasikiliza. Hawakuzungumza timu wala wakala. Alimuuliza masomo, akamfundisha wimbo wa Kifuliiru, lugha ya kwao Uvira, wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Siku ya pili nikashindwa. Nikatoka nikamuuliza, “Shukuru, bado unamfuata wa nini? Hachezi huyu.”

“Najua, dada.”

“Basi?”

Akafuta mikono kwenye suruali. “Alikuwa ananiitaka anko. Mi nilifikiria ni ya kweli.”

Inawezekana ni hivyo. Inawezekana pia anangoja goti lipone. Nikamwambia aingie ale. Alipokuwa ananawa nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza: namba yangu ya simu aliipata wapi?

Akanitazama kwa mshangao. “Kwa kaka yako,” akasema. “Yohana wa Kigoma. Binamu yangu alituunganisha. Tunaongeaka naye kila Jumamosi, sasa ni mwaka. Hakukuambia?”

Nikamwambia uliniambia. Nimekutetea mbele ya mgeni, Kaka, na chakula nikampakulia.

Sasa hii ndiyo sababu hasa ya barua. Kila Jumamosi kwa mwaka mzima ulikuwa unazungumza na mtu huyu juu ya mwanangu, nami unaniuliza habari kana kwamba huna. Inawezekana ulitaka kumtafutia mpwa wako njia, nawe ni mjomba wake, haki hiyo unayo. Lakini nina swali moja, nalo nalibeba mpaka kazini. Siku ile uliponiambia nisimkalie mtoto, aende, ulikuwa unajua kuhusu goti?

Nijibu kwa barua, kwa mkono wako, si kwa simu na spika. Ukiniambia ulijua, nitakasirika, kisha yataisha, maana wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tulipomzika baba, na hilo halifutiki. Ukiniambia hukujua, nitataka kukuamini. Nitajitahidi.

Baraka anasema mwakani ataamua mwenyewe kama anacheza, wapi na kwa nani, na ameniomba nisimuulize mtu yeyote. Nimekubali. Hajui kwamba nakuandikia.

Nisalimie wifi na mgongo wake wa jembe, shangazi wa Ujiji anayeuza mawese, na mdogo wetu wa mwisho umwambie mtoto wake wa kike asome. Mama mchungaji mwambie tu kwamba tu wazima. Neema anakusalimia, kwa Kiingereza, nami nimekutafsiria hapa: anasema anakupenda.

Mdogo wako asiyekuwa na kaka mwingine,
Stela