Boma Lisilojengwa Uriri

Mke wangu Boke,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mavuno. Barua zako zilinifikia. Sikuugua wala sikusahau, ila nilikosa la kusema. Je, mguu wa mama umepona? Watoto wanasoma vizuri? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku ng'ambo imeniingia mifupani.

Ni kweli ulivyosikia, mkuu wa idara yetu hapa chuoni ameniomba nibaki miaka mitatu zaidi, niwasimamie mbuzi wa utafiti na kuwatembelea wakulima. Chuo hiki serikali ilikianzisha ili weusi wa nchi hii wajifunze kilimo, kwa sababu chuo cha weupe kiliwafungia mlango. Hata leo majengo ni machakavu, lakini shamba lake limetunzwa. Wakulima tunaowahudumia ni wazee weusi, na wanapungua. Watoto wao wamekwenda mijini, na ardhi inauzwa.

Juma lililopita nilikuwa kwa mmoja wao, mzee mjane, nikimwonyesha namna ya kuwapa mbuzi dawa ya minyoo. Akaniuliza, "Mwalimu, kwenu una ardhi?"

Nikamwambia ninayo, huko Uriri.

"Nani anailima?"

"Mke wangu."

Akacheka. "Basi wewe ni kama wanangu, ila wao hawaji kunifundisha kufuga."

Tangu siku hiyo ninamfikiria mdogo wangu Ouma. Uliandika kwamba alisimama mlangoni, akakataa chai, akasema, "Shemeji, muulize kaka kama anataka nizeekee katika boma la baba." Maneno hayo ni makali, lakini hakukosea. Mimi ndiye mkubwa. Kwa mila yetu, nisipotoka kwanza na kujenga boma langu, yeye hawezi kujenga lake, na wanawe wameshakuwa wanaume. Wala wewe huwezi kulifungua boma letu jipya peke yako: ni lazima baba mdogo atuongoze mahali pa marehemu baba, mimi nikiwa na shoka, mwanetu wa kwanza na jogoo, nawe na moto.

Nikibaki, karo ya watoto ina uhakika. Nikirudi, sijui kama kazi yangu ya Homa Bay bado ipo.

Nisalimie mama, mchungaji wetu, na dada yangu aliyeolewa Oyugis. Mkuu wa idara anataka jibu kabla baridi haijaisha. Siku nitakayoamua, ndiyo siku nitakayokuandikia. Mwambie Ouma asikate mti hata mmoja wa kujengea kabla barua hiyo haijafika.

Mumeo,
Odhiambo