Njuga Zilizolia Shimoni

Msalala, njia ya kwenda Geita
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mke wangu Zuhura, Mama Mariamu,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe kwanza, halafu wewe tena, halafu mwanetu Mariamu, ambaye najua hivi sasa amekuegemea bega akitaka umsomee kwa sauti. Mwambie baba yake ameitikia marahaba hata kabla hajasikia shikamoo. Mama mkwe miguu inamsumbua bado? Na paa la jikoni, je, ndugu yangu Hamisi ameikumbuka ahadi yake au anangoja mvua imkumbushe? Mimi huku ni mzima, nakula, nalala. Dagaa ulionitumia kwa mkono wa yule kijana wa treni walifika salama, wakavu na wenye harufu ya Ujiji. Kosa langu ni kwamba kifurushi nilikifungulia barazani, na jirani ni wengi kuliko dagaa.

Uzi wa kipimo cha Mariamu nimeupata pia. Kila ukinitumia uzi huo wenye mafundo, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la goti, huuning'iniza kwenye msumari karibu na cherehani na kuulinganisha na ule wa kabla yake. Safari hii goti limeshuka sana. Nilifurahi, kisha nikahuzunika, maana mtoto anakua na mimi namwona kwa uzi.

Sasa nije kwenye maneno yako. Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Ulisema utakuja siku Mariamu atakapoweza kwenda shule na kurudi bila wewe kukaa na roho mkononi, na si kabla. Sikufichi, nilikasirika kidogo, kwa sababu mwanamume aliyelala peke yake misimu miwili ya mvua hapendi kuambiwa "si kabla". Halafu nikasimama barazani, nikayatazama yale mashimo, nikaona mke wangu hajakosea. Kwa hiyo nitakueleza yote yaliyotokea, kisha wewe mwenyewe uamue.

Habari za mashimo unazijua, lakini nazirudia ili mama mkwe naye aelewe. Kabla ya vita alikuja hapa Mzungu mmoja kutafuta dhahabu katika uwanja ulio kati ya maduka na shule. Akachimba hapa, akahamia pale, alichokitaka hakukipata, akakunja hema lake akaenda zake. Mashimo akatuachia sisi. Mengine yanafika kiunoni, mengine ukitupia jiwe unangoja kidogo ndipo ulisikie. Mvua zikinyesha nyasi huyafunika, na njia ya watoto wa shule inapita katikati yake, kwa kuwa ukizunguka unakutana na barabara ya malori ya mgodini, nayo si afadhali.

Mimi, kama ujuavyo, nashona kwenye baraza la duka la Ramji, yule mzee wa Kihindi. Mguu ndio unaofanya kazi, masikio yamekaa bure, na kila shauri la mtaa huletwa pale. Mwaka huu shauri lilikuwa ni hilo la watoto. Mwanangwa wetu, yaani jumbe, alisema shimo la Mzungu ni mali ya Mzungu, siku akirudi asilikute atauliza. Mwalimu Petro akasema yeye amepewa kufundisha, hakupewa kulinda njia. Masanja, mchimbaji mmoja ambaye bahati ilimwangukia akaacha sururu, akasema mtoto akianguka mara moja hatarudia, na yeye mwenyewe ndivyo alivyofunzwa. Akina baba wengine wakamaliza maneno: wavulana waende, wasichana wakae nyumbani, basi. Hilo ndilo lililoniuma, maana nilimfikiria Mariamu, nikakosea mshono nikaifunga mikono yote miwili ya shati la mtu.

Shauri likaongezeka jingine. Ramji alitangaza kwamba amezeeka na anahamia Shinyanga kwa mwanawe. Duka lenyewe si lile ulilolisikia zamani. Ushanga na nyuzi za shaba hazina tena mnunuzi, vijana wanataka sigara, biskuti na mashati yaliyoshonwa tayari, mambo ambayo mimi siwezi kuyaombea heri. Masanja akasema atalichukua duka alifanye kilabu cha pombe. Wanawake waliposikia walishika vichwa. Hebu fikiri, mke wangu: walevi mlangoni, mashimo mbele yao, na watoto katikati.

Hapo ndipo nimtaje Mama Kabula. Ni jirani yangu, Msukuma wa hapa hapa, auzaye uji karibu na cherehani yangu. Binti yake Kabula ni rika la Mariamu. Kila asubuhi ananiambia "mwangaluka", ndiyo salamu yao, nami namjibu vibaya, naye hunisahihisha tangu siku niliyofika. Yeye hakubishana na mtu. Aliingia kwa Ramji akauliza kama zile njuga za wachezaji ngoma bado zipo. Zilikuwepo, zimejaa vumbi. Akamfunga Kabula miguuni, akasema hivi akiwa anakoroga uji ataisikia njia yote ya mwanawe kwenda na kurudi. Kabla wiki haijaisha kila mama alikuwa amefanya vilevile. Ungewasikia asubuhi! Ilikuwa kama arusi inapita. Hata mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kwa mdundo wao.

Raha ile haikudumu. Mwalimu Petro alisema njuga arobaini darasani si shule ila ni ngoma, akasema asizisikie tena. Akina mama nao wakawaambia watoto wao kwamba mtoto atakayevua njuga atakiona. Tukadhani mwalimu amekubali yaishe, kwa sababu njuga zilizidi kusikika kila asubuhi, huko ng'ambo ya uwanja, kwa muda mrefu, mpaka Mama Kabula akawa anasema watoto wa siku hizi wanachezea njiani.

Basi siku moja ya gulio, jua limepanda, Mama Kabula aliacha kukoroga. Akaniuliza kama nasikia. Nikasikia. Njuga zilikuwa zinalia, lakini haziendi. Zilikuwa zinalia mahali pamoja, kwa chini, kama kitu kilichofunikwa chungu. Mama Kabula alipiga ukelele wa Kisukuma ambao ukiusikia huulizi, unakimbia. Watu wa gulio wakaacha bidhaa zao. Waliotoka mashambani walikuja na majembe, wachimbaji na sururu na kamba, Ramji na viatu mkononi, mwanangwa na fimbo yake, na mimi na utepe wa kupimia shingoni. Nilikuwa nakimbia huku nawaona watoto wote wana uso wa Mariamu.

Tulifika shimoni, mojawapo ya yale marefu. Masanja alilala kifudifudi akatazama chini. Akasema, "Huyu ni mbuzi wangu."

Kweli alikuwa mbuzi. Shingoni amevaa njuga jozi kwa jozi, tena moja ina kitambaa chekundu nilichokishona mwenyewe kwa ajili ya Kabula. Hakuna aliyecheka. Mama Kabula aligeuka akakimbilia shule nasi nyuma yake, na tulipofika mlangoni tuliwakuta watoto wote wamekaa mistari mistari, miguu mitupu, wanasoma silabi kwa sauti pamoja na mwalimu wao. Walituona wakanyamaza. Nadhani tulikuwa tunatisha.

Mama Kabula alimshika mwanawe mabega, akamuuliza njuga ziko wapi. Mtoto akajibu bila hofu, kama mtu aliyekwisha kulipima jambo lake: "Mama ulisema unataka kuzisikia. Mwalimu alisema hataki kuzisikia. Tukaona avae mbuzi."

Kumbe kila asubuhi walikuwa wakivuka uwanja, wanazivua, wanawavika mbuzi wa Masanja waliokuwa wakichungwa ng'ambo, na jioni wanazifuata. Nasi siku zote hizo tulikuwa tumekaa na amani ya mbuzi. Mwalimu Petro ndiye aliyeanza kucheka, akajiinamia juu ya meza yake, halafu tukacheka sote. Mama Kabula alicheka na kulia kwa pamoja na kumpapasa mwanawe kichwani. Mimi nililia tu, na aliyeniuliza nilimwambia ni vumbi.

Tukarudi kumtoa mbuzi. Akatolewa mzima kwa kamba, akajikung'uta, njuga zikalia. Watu wakaanza kuokota majembe yao warudi gulioni. Mama Kabula akasimama njiani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Majembe tumekuja nayo. Leo alikuwa mbuzi. Tukirudi nayo safi, iko siku tutayaleta tena hapa, na haitakuwa kwa kufukia shimo, itakuwa kwa kuchimba kaburi."

Mwanangwa alitaka kusema jambo la Mzungu na mali yake, akatazama nyuso, akaona wengi wape, akavua kanzu. Basi Wasukuma wana desturi moja ambayo laiti ungeiona: hawalimi kimya. Hujipanga mstari, mmoja anaanza wimbo, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na atakayechelewa wimbo unamtaja jina. Udongo wa Mzungu ulikuwa bado umelundikwa kando ya kila shimo, tukawa tunaurudisha ulikotoka. Mimi nilichelewa, nikatajwa. Wimbo ulisema fundi wa Ujiji anajua kutoboa kitambaa, ardhi imemshinda. Masanja alifanya kazi kama wawili, nadhani kwa aibu ya yale maneno yake ya "hatarudia". Mke wa Ramji alituletea chai na chapati, na mzee mwenyewe akawa anagawa huku anahesabu vikombe vyake kwa macho.

Jioni Masanja alimtoa yule yule mbuzi achinjwe tule, wakaniita mimi nichinje ili pasiwe na wa kukaa pembeni. Maskini mbuzi, ameokolewa asubuhi, jioni yumo sufuriani. Siku zilizofuata kazi iliendelea kila baada ya mashamba. Sikudanganyi kwamba yote yamekwisha. Mashimo mawili yale marefu hayakufukika, udongo haukutosha. Tumeyazungushia minyaa iliyosongamana, ule mti wenye utomvu mkali wanaofanyia boma za ng'ombe, na hata mbuzi sasa hapiti. Njia imesafishwa, pana kama ya lori, na wasichana wote wanakwenda. Hakuna baba aliyerudia maneno yale.

Limebaki la duka. Walipokaa kulizungumza, Masanja alisema kilabu chake atakijenga kule chini, upande wa gulio, maana hawezi kuuza pombe mbele ya njia aliyoitengeneza kwa mikono yake. Wakaulizana nani basi atalichukua. Mama Kabula akasema, "Fundi." Hakuniuliza kwanza. Nilikuwa na pini mdomoni, nisingeweza hata kukataa. Ramji akaniambia kwamba misimu yote hii mvua imenipiga nikiwa barazani kwake, sasa niingie ndani. Nitashona, na nitauza chumvi, mafuta ya taa na daftari za shule. Tumeelewana vizuri, na malipo yake ni ya mtu anayetaka nyumba yake ipate mtunzaji.

Na nyuma ya duka, mke wangu, kuna chumba. Kina dirisha lililokuwa limezibwa na makasha. Juzi niliyaondoa, nikafungua, nikasimama. Kutoka pale unaiona njia yote, kutoka mlango wetu mpaka mlango wa shule. Mama Kabula alikuja akasimama kando yangu, akatazama muda, akasema "wabeja", ambalo ni asante yao, ingawa sijui alikuwa akimshukuru nani. Kabula ameniachia jozi yake ya njuga. Anasema Mariamu azivae siku ya kwanza tu, ili mtaa usikie amefika, kisha amvike mbuzi.

Mnisalimie mama mkwe, mlezi wetu sote. Mnisalimie ndugu yangu Hamisi na ngazi yake ya kupandia paa, kama ameipata. Mnisalimie shangazi Tatu aliyetufungisha ndoa kwa ulimi wake, na jirani yetu Bi Mwajuma, ambaye najua anasikiliza mlangoni. Treni itawashusha Shinyanga. Lori la mizigo ya Ramji huenda pale kila mwisho wa mwezi, na dereva nimekwisha kumwambia rangi ya baibui lako.

Gauni la shule nimelikata, la bluu, lakini upindo sijaushona. Safari hii, Zuhura, usinitumie uzi. Mlete mwenyewe nimpime.

Ni mimi mumeo anayekungoja dirishani,
Athumani, fundi